Pawa Saplai Ikianza Kulia, Usingoje Izime

Katika steshenari nyingi za mijini kwetu, kompyuta moja hubeba kazi ya duka zima. Ndiyo inayochapa barua za kuomba kazi, ndiyo inayoskani vyeti, ndiyo inayojaza fomu za wanafunzi wanaoomba mikopo, na jioni ndiyo inayotunza hesabu za mauzo. Ikianza kunguruma, mwenye duka husema imezeeka tu, akaendelea na wateja. Wiki mbili tatu zikipita, sikio limeshazoea. Kisha siku ambayo foleni imefika mlangoni, mashine inazima ghafla na haiwaki tena.

Mara nyingi kifo cha namna hiyo kilikuwa kimeshabisha hodi. Pawa saplai, lile boksi la chuma ambalo waya wa umeme huchomekwa nyuma yake, ni miongoni mwa vifaa vichache vya kompyuta vinavyoonya kabla ya kufa: kwa sauti, kwa harufu na kwa tabia. Inaniuma kuona mtu anapoteza kazi ya miezi, pengine na diski yenye kumbukumbu zake zote, kwa sababu ya kifaa ambacho bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta. Nataka ukimaliza kusoma uweze kutofautisha sauti ya kusafisha, sauti ya kubadilisha kifaa, na sauti ya kuchomoa waya papo hapo.

Boksi hili linafanya nini

Umeme wa ukutani ni volti 230 kwa Tanzania na 240 kwa Kenya, nao ni wa AC, yaani unaobadilisha mwelekeo kila mara. Kompyuta haiwezi kuutumia ulivyo. Pawa saplai huupokea, huugeuza kuwa DC, umeme wa mwelekeo mmoja, wa zaidi ya volti 300, kisha huukatakata maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo. Mwishoni hutoka umeme mpole: volti 12 kwenye waya wa njano, volti 5 kwenye mwekundu na volti 3.3 kwenye wa rangi ya chungwa. Waya mweusi ni wa kurudishia. Mpangilio huu wa rangi umetumika kwenye kompyuta za mezani za mtindo wa ATX, ambao kampuni ya Intel iliutoa mwaka 1995.

Ndani ya boksi hilo, vinavyochoka mapema ni viwili: feni na kapasita. Feni huchoka kwa vumbi na kwa kukaukiwa mafuta. Kapasita, yale makopo madogo ya duara yanayotuliza umeme, huchoka kwa joto. Wahandisi hutumia kanuni moja rahisi: kila joto linapopungua nyuzi 10, maisha ya kapasita huongezeka takriban maradufu. Igeuze kanuni hiyo, utaona kwa nini vumbi linaloziba matundu ya hewa si suala la usafi peke yake. Feni iliyochoka huongeza joto, joto hukausha kapasita, na kapasita zikikauka umeme unaofika kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) na diski hauwi safi tena.

Kwanza hakikisha ni yenyewe

Kabla ya kuilaumu pawa saplai, tafuta sauti inatoka wapi. Kunja karatasi ngumu iwe bomba, tega sikio upande mmoja, upande wa pili uusogeze karibu na mashine bila kugusa kitu ndani. Pita nyuma juu, ambapo mara nyingi ndipo palipo na pawa saplai. Pita katikati, palipo na feni ya prosesa. Pita mbele, palipo na diski. Utashangaa jinsi sauti iliyoonekana kujaa chumba kizima inavyojibainisha mahali pamoja.

Ukisikia mgongano wa tik, tik, tik kutoka kwenye diski, achana na mambo ya pawa saplai kwa muda. Hamisha mafaili yako sasa hivi kwenye diski nyingine au flashi, maana hiyo ni dalili ya diski inayokufa. Ikiwa ni feni ya prosesa, zima mashine, chomoa waya ukutani, kisha izungushe feni kwa kidole. Nzima huzunguka kwa ulaini na kusimama polepole. Mbovu hukwaruza au hugoma.

Sauti na maana zake

*Upepo mkali usiokoma.* Feni inazunguka kwa kasi kubwa kwa sababu ndani kuna joto. Hii ni sauti ya kusafisha. Angalia matundu ya nyuma na ya mbele, utakuta yamezibwa na utando wa vumbi. Angalia pia kama kasha limebanwa ukutani, limewekwa ndani ya kabati la meza, au limefunikwa kitambaa cha kufuma ili lipendeze. Kitambaa kiondoe mashine inapofanya kazi.

*Kusaga au kukwaruza asubuhi, kisha kunyamaza.* Bearingi ya feni imekauka. Ikipata joto kidogo hulainika, na sauti hupotea. Watu wengi hudanganyika hapa wakidhani tatizo limekwisha. Kila wiki kimya kitachelewa zaidi kuja, mpaka siku feni itakapogoma kabisa na boksi kuanza kujipika. Hii ni sauti ya kubadilisha, na una muda wa kujipanga.

*Mluzi mwembamba, kama mbu sikioni.* Hizo ni koili ndani ya boksi zinazotetema kwa umeme unaokatwakatwa. Mara nyingi mluzi hubadilika unapoteremsha ukurasa au unapofungua mchezo wa kompyuta. Peke yake si hatari. Mashine inaweza kuishi nao miaka. Kama boksi ni jipya na mluzi unakukera, lirudishe dukani wakati dhamana ingalipo. Kama boksi ni la zamani na mluzi umeanza juzijuzi, lichunguze pamoja na dalili nyingine nitakazozitaja.

*Mvumo mzito pale tu umeme wa UPS au jenereta unapotumika.* UPS nyingi za bei ya chini zikiwa kwenye betri hutoa umeme wa ngazi-ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawa saplai za kisasa huvuma zikilishwa umeme huo. Chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani. Ikinyamaza, boksi lako ni zima, na wa kushughulikiwa ni huo umeme unaoilisha.

*Mvumo kwenye spika.* Hapa mara nyingi kosa liko kwenye waya wa ethi. Chomeka kompyuta na spika kwenye ekstensheni moja usikilize tofauti. Kisha jiulize swali la pili: je, ukigusa chuma cha kasha kwa mgongo wa mkono unahisi kutekenywa? Pawa saplai ina kichujio kinachohitaji ethi. Ethi isipokuwepo, chuma cha kasha huweza kubeba karibu nusu ya umeme wa ukutani, ingawa kwa mkondo mdogo sana. Ndio huo unaokutekenya. Chanzo cha kawaida ni ile tabia ya kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, au nyumba ambayo waya wa ethi haukuwahi kufika ardhini. Acha kalamu, tumia plagi ya pini tatu, na mwite fundi umeme apime ethi ya nyumba. Hili ni suala la uhai wa watu, watoto wakiwa wa kwanza.

*Mlio wa kupasuka, cheche, au harufu ya plastiki inayoungua.* Zima ukutani, chomoa waya, na usijaribu tena, hata mara moja. Jaribio la “ngoja nione kama itawaka” ndilo linaloweza kuondoka na mazabodi na diski.

Isiyolia nayo huugua

Ziko pawa saplai zinazokufa kimya. Dalili yake ya kwanza ni kulazimika kubonyeza swichi mara tatu nne asubuhi ndipo mashine ikubali. Ya pili ni kujizima au kujiwasha upya kazi inapokuwa nzito. Ya tatu ni flashi na kipanya kukatika na kurudi vyenyewe.

Ya nne inahitaji jicho. Taa ikipepesa kidogo tu, kompyuta ya jirani yako inaendelea, yako inajiwasha upya. Pawa saplai nzima inatakiwa iweze kushikilia mzigo kwa takriban milisekunde 16 baada ya umeme kukatika, kwa akiba iliyomo kwenye kapasita yake kubwa. UPS ya kawaida huhitaji milisekunde chache kuhamia kwenye betri, na akiba hiyo ndiyo daraja. Kapasita ikichoka, daraja hukatika. Kwa hiyo mtu akikuambia, “Nimenunua UPS mpya lakini umeme ukikatika kompyuta bado inazima,” usikimbilie kuitukana UPS. Pima kwa kuchomeka kompyuta nyingine kwenye UPS hiyohiyo, kisha zima swichi ya ukutani. Ikivuka salama, mgonjwa ni pawa saplai yako.

Lakini usihukumu haraka. Katika steshenari kuna kisa kinachojirudia: kompyuta inajiwasha upya kila printa ya leza inapoanza kuchapa. Kosa si la kompyuta. Printa ya leza na mashine ya fotokopi zina kinu cha kupasha joto wino, na kinapowaka huweza kuvuta wati mia kadhaa, nyingine hata kupita 1,000, kwa mpigo mmoja. Vikiwa vyote kwenye ekstensheni moja nyembamba, volti hushuka na kompyuta huanguka. Ipe printa soketi yake ya ukutani, kisha uangalie siku chache kabla hujatoa hela mfukoni.

Kumbuka pia kwamba RAM mbovu huiga dalili nyingi za pawa saplai. Kabla ya kununua, fundi aitoe RAM, aisafishe miguu yake, airudishe, au ajaribu nyingine.

Namna ya kupima hatua kwa hatua

1. Jaribu soketi kwa kifaa kingine, kisha badilisha waya wa umeme. Angalia fyuzi ndani ya plagi. Ikiwa imeungua, weka yenye kiwango kilekile. Usifunge karatasi ya bati ya sigara badala yake.

2. Angalia swichi ya nyuma ya boksi. Kisha angalia kama kuna swichi nyingine ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Kompyuta za mtumba zinazotoka Marekani huweza kufika zikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu, saketi ya ndani hujaribu kuzidisha volti maradufu, na kapasita au fyuzi hupasuka kwa kishindo. Isogeze kwenye 230 kabla waya haujagusa ukuta.

3. Chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki imalizike, subiri dakika chache, kisha jaribu upya.

4. Kama una mita, tafuta plagi nyeupe ya waya nne inayoning’inia bila kazi ndani ya kasha, mashine ikiwa imewashwa. Kati ya njano na mweusi usome kati ya 11.4 na 12.6. Kati ya mwekundu na mweusi usome kati ya 4.75 na 5.25. Pima mashine ikiwa inafanya kazi nzito, kwa sababu boksi lililochoka husoma vizuri likipumzika na kuporomoka likipewa mzigo.

5. Mafundi wengi huunganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi ili kuona kama feni itazunguka, boksi likiwa limetenganishwa na mazabodi na klipu ikiwekwa kabla ya kuchomeka umeme. Jaribio hilo linakuambia kwamba boksi linawaka, basi. Halikuambii kwamba linaweza kubeba mzigo.

6. Jaribio linalomaliza ubishi ni kuweka pawa saplai nyingine unayojua ni nzima. Mashine ikitulia siku mbili tatu, umepata jibu.

Usiifungue

Hapa naomba unisikilize vizuri. Kapasita kubwa ndani ya boksi hili huchajiwa kupita volti 300, na inaweza kubaki na chaji hiyo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kuchomoa waya si ruhusa ya kuingiza bisibisi. Anayefungua anatakiwa awe fundi anayejua kuitoa chaji hiyo na kuipima kwa mita kabla ya kugusa.

Wewe safisha kwa nje. Chomoa waya, toa kasha nje ya chumba, na puliza matundu kwa blowa kwa vipindi vifupi. Zuia feni zisizunguke, kwa sababu zikizungushwa kasi na upepo bearingi huumia. Kwa fundi, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bearingi ya feni huweza kununua muda. Mafuta ya kupikia huganda na kukusanya vumbi. Lakini ukishasikia fundi akisema atafungua, atabadilisha kapasita mbili na feni, uliza bei yake kisha uilinganishe na boksi zima lenye dhamana. Mara nyingi kubadilisha boksi zima ndiko kunakolipa.

Wanaokaa mijini na vijijini vilevile wanafahamu kwamba mende na mijusi hupenda joto la boksi hili. Mjusi mmoja akikatiza kati ya pini mbili anaondoka na mashine nzima. Funga vile vibati vilivyong’oka nyuma ya kasha, liinue kutoka sakafuni, na usilie chakula mezani palipo na kompyuta.

Ukienda kununua

Nenda na boksi lako la zamani mkononi. Kompyuta nyingi nyembamba za ofisi za Dell na HP hutumia maboksi yenye umbo na plagi zake zenyewe, na la kawaida la ATX halitaingia.

Usisome namba kubwa iliyochapishwa ubavuni. Soma jedwali dogo la lebo. Tafuta safu ya volti 12, chukua ampea zake, zidisha kwa 12. Boksi lililoandikwa wati 500 lakini lenye ampea 18 kwenye volti 12 linatoa wati 216 tu pale zinapohitajika zaidi. Kompyuta ya ofisi isiyo na kadi ya picha kwa kawaida hutumia chini ya wati 150, kwa hiyo huhitaji boksi kubwa. Unahitaji boksi la kweli. Lishike mkononi pia. Lenye transfoma na vyuma vya kupoza vya kutosha huwa na uzito wake, na jepesi kupita kiasi linajieleza. Boksi halisi lililotumika, lililotoka kwenye kompyuta ya ofisi na kupimwa, mara nyingi hulishinda jipya la bei ya kutupwa. Rahisi ghali.

Tafuta lebo iliyoandikwa 100-240V. Boksi la namna hiyo halina ile swichi nyekundu ya hatari, na huvumilia jioni zile ambazo umeme mdogo hufanya taa zififie. Nembo ya 80 PLUS, mpango ulioanza mwaka 2004, humaanisha kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia hutoka kuwa wa matumizi, na kinachobaki kuwa joto ni kidogo. Joto dogo humaanisha feni ya polepole, na feni ya polepole ndiyo kimya.

Mambo mawili ya mwisho dukani. Kwanza, likiwa ni boksi la waya za kuchomoka, tumia waya zilizokuja nalo tu. Waya za boksi jingine huingia vizuri kwenye tundu lakini mpangilio wake huweza kuwa tofauti, na diski ikaungua papo hapo. Pili, liwashwe mbele yako, ulisikilize, na dhamana iandikwe kwenye risiti kwa siku zake.

Lilinde lililo zima

Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani. Hatari kubwa iko kwenye kurudi kwake, pale friji na feni za mtaa mzima zinapoanza kwa pamoja na volti kucheza. Subiri dakika kadhaa ndipo uwashe. Wengi wamelinunulia jokofu lao friji gadi lakini kompyuta inayowalisha wakaiacha bila kinga. Kifaa cha aina hiyo kinachochelewesha umeme na kukata volti zinapozidi kinaifaa pia kompyuta. UPS nayo iwe ya kompyuta na skrini. Printa ya leza isiguse soketi zake za betri, maana UPS ndogo iliyoandikwa 650VA mara nyingi hutoa chini ya wati 400. Mvua ya radi ikianza, chomoa kabisa, na waya wa intaneti uuchomoe pia.

Boksi lililokufa usilichome moto na takataka, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Mpe fundi. Waya, feni na plagi zake zitatengeneza mashine nyingine.

Leo kabla ya kufunga kazi, fanya mambo matatu. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Zima redio, tega sikio nyuma ya kasha dakika moja. Kisha kunja karatasi, andika ulichosikia na tarehe, ibandike ubavuni mwa kompyuta. Ukirudia mwezi ujao na sauti imebadilika, hutahitaji kubahatisha: nunua boksi mapema, siku ambayo huna foleni, uchague kwa utulivu, ulipe bei ya kifaa kimoja badala ya bei ya kompyuta nzima.